Barafu ya Mwisho

Machi inaisha ziwani Peipsi. Barafu imepauka,
inalia kama mlango uliokosa mafuta.
Raissa anagonga kwa mtaimbo kabla ya kila hatua:
ngo, pita.
Bwu, zunguka.

Jana Leonti alirudi amelowa hadi kiunoni,
akaapa: basi.
Leo mashimo yote ni ya mkewe.

Uzi unakaza.
Anavuta, vidole vimekufa ganzi,
na tundu linajaa mgongo wa sangara,
milia myeusi, mapezi ya rangi ya pilipili,
tumbo zito kwa mayai.

Anampima kwa mkono:
kiwiko hadi pete isiyovuka tena kifundo.
Shahidi hakuna.

"Nenda. Hata hivyo hataniamini."

Maji yanatulia shimoni.
Kule ufukoni, ubao aliovukia asubuhi
unaelea peke yake.