Shusha Kidogo

Jumanne usiku, ofisi ya kanisa la Nis,
kisiwani Lewis, ambako upepo haujui kubisha hodi.
Tumekaa sita kuzunguka meza ya mbao
yenye alama ya kikombe ambayo hakuna anayekiri ni yake.
Mchungaji MacAsgaill ana kalamu mbili:
nyeusi kwa yaliyokubaliwa,
nyekundu kwa yale ambayo wazee wa kanisa hawatayasikiliza.

Maua? Madirisha mawili, basi, hapa si bustani.
Mishumaa? Kalamu nyekundu.
Kinanda?
Aliyeuliza ni Torcuil, mchumba wangu, mzaliwa wa Glasgow.
Nikamkanyaga mguu chini ya meza.
Kinanda hakijavuka kizingiti hiki tangu kuta ziinuliwe.
Hapa zaburi huimbwa kwa koo tupu:
mmoja hutangulia na mstari, wengine huufuata,
kila mtu kwa njia yake,
kama kondoo wanaojua zizi liko wapi.

Aliyetangulia, miaka thelathini na mmoja, ni baba.

Yupo hapa. Shangazi Ciorstaidh amemfunga tai.
Novemba kiharusi kilimpitia kama mtoza ushuru,
kikabeba mkono wa kulia, nusu ya mdomo,
na maneno yote isipokuwa "basi",
ambalo hulitumia kwa chai, kwa mvua, kwa jina langu.
Kiharusi. Toa silabi ya kwanza, inabaki harusi.
Mimi ni mwalimu wa hesabu, mambo haya huyaona
hata nisipoyataka.

Ratiba inasema: *Nani anamtoa mwanamke huyu?*
Na baba hujibu: *Mimi.*
Mchungaji akakohoa, akaizungusha kalamu.
Shangazi akasema, kaka yake yupo, Uilleam aje kutoka Aberdeen.
Nikasema hapana. Nina miaka arobaini na miwili,
nalipa bima ya gari na ya nyumba,
na kutoa nakujua: ukishatoa, kinachobaki ni pungufu.
Sitolewi. Nitaingia na baba,
mimi nikisukuma. Kiti kina breki.
Ikaandikwa kwa nyeusi: *breki. Mkeka uondolewe mlangoni.*

Ikabaki zaburi.
Nafasi amepewa Coinneach wa duka la samaki,
sauti safi, masikio mekundu kwa haya.
Jaribu, wakamwambia. Akasimama, akaanza
juu.
Juu mno, kiasi kwamba kufika ubeti wa tatu
shangazi zangu wangebaki midomo wazi, pumzi tupu.
Sote tulisikia. Hakuna aliyesema,
maana kusema kungekuwa kumtaja
yule ambaye asingekosea.

Ndipo mkono wa kushoto wa baba ukapanda mezani,
kiganja chini, ukashuka
polepole, kama anayemwambia mbwa akae.
Coinneach akanyamaza. Akaanza tena, chini kidogo.
Mkono ukashuka tena, safari hii upana wa kidole.
Mara ya tatu ukatua juu ya ile alama ya kikombe,
ukakaa.
"Basi," akasema baba.

Mchungaji aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.
Nilikisoma kutoka upande wangu, herufi miguu juu:
*kiti kiwe kando ya mtangulizi,
mahali atauona mkono.*

Tukaendelea na supu. Watu mia na kumi,
mia na ishirini kama wa Harris watakuja bila kualikwa,
nao watakuja, shughuli ni watu.
Viazi gunia ngapi. Nani ana sufuria ya kutosha.
Shangazi aligombana na mtu kuhusu chumvi.

Garini, nikishamfunga baba mkanda,
Torcuil aliinama, akaninong'oneza:
je, kile kinanda kidogo, cha kupakata,
huko ukumbini, baada ya kanisa, si...

Sikumjibu. Niliinua mkono wangu wa kushoto,
kiganja chini,
na kutoka kiti cha nyuma nikasikia kicheko,
nusu mdomo, lakini chote.