Masahihisho Madogo

Kurasa mia tatu kumi na mbili, Ghaniya.
Huu usiku wa tatu nazisoma hapa Nizwa,
kiyoyozi kinakohoa, kahawa imepoa finjanini,
penseli nyekundu imebaki nusu ya kidole gumba.

Utangulizi umenyooka kama mfereji wa falaji.
Wataalamu umewakalisha, kila mmoja na kiti chake.
Marejeo sina la kusema: hata nukta zimetulia.

Nimekwama ukurasa wa mia na themanini na nane.
Shule ya mlimani, nyuma ya Rustaki,
wanafunzi arubaini na mmoja.
Jedwali lina arubaini.
Chini, kwa herufi za sisimizi, umeandika:
*Namba ishirini na tatu ameondolewa.
Mahudhurio yake yanapotosha wastani.*

Nikafungua kiambatisho cha tano,
zile kurasa za rejista ulizozipiga picha kwa simu,
nikamtafuta. Yupo.
Siku kumi na tisa hakuja: bonde lilijaa maji,
gari la shule halikuvuka.
Siku saba, mavuno ya tende.
Na siku moja mwalimu kaandika kwa wino wa kijani:
*Kafika saa nne, viatu mkononi,
kaomba aulizwe maswali ya jana.*

Mama kaamka kunywa maji, kanikuta nimeduwaa.
Yeye alisomea mkekani, Pemba,
akaja huku na cheti kimekunjwa ndani ya kanga.
Nikamweleza.
"Nani kamfuta mtoto wa watu?"
Wastani, mama.
"Wastani ndo nani? Mwalimu mkuu?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikaa kooni.
Maana mimi, kwenye tasnifu yangu,
niliwafuta watatu.
Mtahini wangu hakufika kiambatishoni.

Jumapili, ukumbi wa pili, nitakuuliza kwa ukali.
Usitetemeke. Fomu ina visanduku vinne,
nami nimeshatia alama cha pili:
*apasishwe, kwa masahihisho madogo.*

Dogo lenyewe ni moja, lina miguu mitupu.
Mrudishe.
Wastani ukipinda, na upinde,
hata njia ya kwao haikunyooka.

Jina lake usiniandikie, maadili hayaruhusu.
Ila tukishatoka ukumbini,
nje ya ripoti, nje ya jedwali,
niambie tu
kama vile viatu vilipata kuvaliwa.