Limekaa Tu

Jumatano ni siku ya kupima uzito.
Ukungu wa Kiwira unaingia dirishani bila kadi,
unakaa kwenye benchi pamoja na akina mama,
na mimi naita: Ambwene!
Wanasimama watatu.

Ambwene yupi, Sista?
Wa Tulinagwe, nasema, Tulinagwe wa Ilolo,
na wale wengine wanakaa, wanacheka:
siku hizi ukirusha parachichi sokoni
litampiga Ambwene.

Zamani lilikuwa moja.
Lilikuwa letu, la nyumba ya bati jekundu juu ya mto.
Mama alilitoa siku ya nne,
baada ya makaburi mawili madogo
ambayo hayakuwahi kuitwa kitu.
Ameniona, ndiyo maana yake. Mungu ameniona.
Mama alilitamka polepole,
kama mtu anayelipwa deni na kuhesabu.

Shuleni wakaligeuza mchezo.
Ambwene, kakuona nani?
Ambwene, kakuona nani na hiyo kaptula?
Mwalimu mgeni akaandika Ambwana, akafuta,
akaandika Ambrosi,
na kaka yangu akaliacha hivyo hivyo,
akalivaa kama koti la mtumba, refu mikononi.
Ambrosi ndiye aliyepanda lori la viazi pale Uyole.
Ambrosi ndiye aliyevuka Tunduma
mwaka ule chai iliposhuka bei.
Tumeuliza madereva, tumeuliza wauza vitenge,
tumemuuliza hata mchungaji aliyerudi kutoka Kitwe.
Kakuona nani?

Sasa watu wana sababu zao.
Huyu anasema ni yule golikipa wa timu ya kiwandani
aliyedaka penalti mbili mvua ikinyesha.
Yule anasema majina ya asili yamerudi,
akina Brayani wamechosha.
Mzee wa kanisa anasema ni uamsho.
Mimi namtundika mtoto kwenye mizani,
nasubiri mshale utulie,
siongezi neno.

Kwa sababu usiku, zamu yangu, miaka sita sasa,
mama akijifungua wa kiume na hana jina,
baba hajafika, au la babu limeleta ugomvi,
mimi hukunja shuka
na kusema, kama niliyekumbuka kitu kidogo:
lipo moja, zuri, limekaa tu.

La kwanza alilichukua binti wa Lufilyo, miaka kumi na saba.
Alilijaribu mdomoni mara mbili kama uji wa moto,
akasema, haya.
Sikusinzia hata kidogo.
Kulipokucha niliandika herufi zote saba
kwa kalamu ya serikali, kwenye kadi mpya,
na wino haukukataa.

Kilo sita na robo, Tulinagwe. Anakua vizuri.
Mfunike kichwa.

Nasogea mpaka mlangoni,
pale barabara inapoonekana ikipanda kwenda Uyole,
na ingawa anayefuata yuko hatua mbili tu,
ingawa benchi lote linanisikia,
naita kwa sauti ya kuvusha mto:
Ambwene!
Ambwene!

Nyuma yangu mmoja anaanza kulia.
Haya, nasema. Lete kadi.