Sijaiona

Vikadi vyake alivikata kutoka kalenda za benki,
nyuma Muharram, mbele kitabu:
jina, mpiga chapa, mwaka wa Hijra, idadi ya karatasi,
urefu kwa nyanda, "maana vidole sivisahau nyumbani."
Vikadi elfu na mia tatu katika maboksi ya viatu,
chumba cha ndani, Ibra, kiyoyozi kikikohoa.

Sisi wakusanyaji tuliijua faharasa kabla ya kumjua mwenyewe.
Uko Matrah, muuzaji anakuapia, "Adimu hiki, wallahi,"
unalitoa jalada la kijani la Bi Ghaniya binti Muhenna,
unashuka kwa kidole mpaka sitini na moja:
"Si adimu. Nimeona nakala tisa. Ya Sohar imeliwa na nondo."
Bei inashuka kahawa haijapoa.

Wala hakuwa mpole.
"Picha ya tatu imekatwa. Mwenyewe asema ni mtoto.
Mtoto gani ana wembe?"
"Mwaka wa jaladani ni uongo wa mfunga vitabu."
Na mahali pengine, mwisho wa mstari, neno moja
ambalo wenye faharasa kubwa kubwa huona haya kuliandika:
"Sijaiona."

Nambari mia mbili na kumi na mbili.
Hesabu za Pishi na Kibaba, chapa ya jiwe, karatasi ishirini na nne.
Habari zake aliandikiwa na karani mmoja wa Wete,
barua ya wino wa zambarau: chapa ya kwanza, asema,
utaijua kwa karatasi ya tisa, mstari wa nne,
kwenye neno kibaba be ya pili haina nukta.
Jiwe lilichubuka; walilitengeneza baadaye.
Kisha karani akafa, na nakala yake ikaenda ilikokwenda.

Mimi niliipata Sinaw, siku ya mnada wa mbuzi,
ndani ya mkoba wa hati za falaji,
imeshonwa upya kwa uzi wa dishdasha.
Riali nne. Chenji niliisahau.
Njia nzima hadi Ibra sikuwasha redio,
na karatasi ya tisa sikuifungua. Niliogopa.

Macho yake yalikuwa yameshakwenda.
Aliipokea kama kichanga, shingo kwanza,
akainusa, akaipima: nyanda kumi na mbili kwenda juu,
nane kasoro kwenda upande.
Akahesabu kwa kidole gumba, midomo ikimcheza.
"Timamu. Sasa nisomee ya tisa."

Nukta haina mwili.
Kidole chake kilikuwa pale pale, juu ya be,
na hakikujua.

Ilikuwapo. Nyeusi, nzima, kama punje ya ufuta.

Nilinyamaza. Kiyoyozi kikakohoa.
Nani angejua? Kikadi kingebadilika, na jina langu ndani:
nakala pekee, milki ya fulani. Riali nne zingezaa elfu.
Na mtu wa miaka mia ijayo, mbele ya muuzaji wake,
angeshuka kwa kidole mpaka hapo,
akaamini.

"Ipo," nikasema. "Nukta ipo, bibi."

Alicheka, cheko la mtu
aliyeambiwa mgeni wake kachelewa tu.
"Basi hii ya pili. Lete kalamu.
Mia mbili na kumi na mbili, be.
Andika vipimo. Andika Sinaw.
Andika riali nne, wa Matrah waumwe na tumbo."

Nikaandika. Wino wa Ramadhani ulikuwa umepenya kutoka nyuma.
Nilipofika kwenye "nimeiona" akanishika mkono.
"Nani kaiona? Weka jina lako hapo.
Mimi niandikie: nimeigusa."

"Na ile ya juu yake?"

"Ile usiiguse."