Saa Tatu

Maktaba hii haina rafu wala vumbi,
ingawa vumbi la Mtumba limeingia kwenye kibodi
na herufi N haikubali mpaka uibonyeze mara mbili.
Niliiita kwa mstari mmoja: fungua cheti, nisomee.

Ikanisomea kama karani wa kata.
Mwenye cheti: mizani ya zabibu, Hombolo.
Mtoaji: ofisi ambayo sijawahi kuuona mlango wake.
Namba ya cheti, tarakimu arobaini;
nikazitaja kwa sauti, Matika akacheka,
akasema hata ng'ombe wa babu yake hawakufika huko.

Nikapanda ngazi: nani kamdhamini nani.
Mizani imedhaminiwa na mtoaji,
mtoaji na mkubwa wake,
kama barua ya mtendaji unayoipeleka benki;
na juu kabisa nikamkuta mmoja
aliyejiandikia barua, akajigongea muhuri,
na sote tumekubali.
Sikukaa sana hapo.

Kilichonileta ni tarehe.
Mwisho wa matumizi: leo, saa ishirini na moja.
Basi. Bila kusema ishirini na moja ya wapi.
Programu yangu, niliyoiandika kwa mkono wangu mwaka jana,
ikadhani ni ya kwetu,
ikatazama saa ya ukutani, ikafunga geti.
Saa tatu usiku.

Kumbe ilikuwa saa ya Grinichi,
na huku kwetu hiyo ni saa sita kamili.
Nilikiua cheti saa tatu
kikiwa kimebakiza saa tatu.

Hombolo, Chilongani ameegemea usukani,
kreti mia na ishirini zinatoa jasho nyuma yake.
Mizani inapima, makao makuu yanaikana.
Alipiga simu mara nne.
Ya tano hakusema neno; nilisikia upepo
na mbwa mmoja, mbali.

Neno moja tu nimeongeza, la kuitaja saa kwao.
Saa tano na dakika kumi uzito wa kwanza ukaingia:
kilo elfu mbili mia nne.
Cheti kipya kikafuata, saa sita kasoro.

Matika anauliza nitaandika nini kwenye ripoti.
Kongwa, darasa la pili, Mwalimu Senyagwa
alimkata maksi kila aliyeandika "saa tatu" akaishia hapo.
"Ya asubuhi au ya usiku?"
Mimi nilikatwa kila wiki.