Moja ya Nini

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
nami nimeganda mbele ya faili mbili
zilizofanana kama shilingi kwa ya pili.

Moja ni ya itifaki kongwe,
mbeba barua, malipo ya benki, kurasa za magazeti.
Nyingine ni ya itifaki changa,
mbeba sauti: bibi wa Narva
akimkaripia mjukuu aliyeko Toronto.

Hillar Piirsalu ndiye aliyenakili,
mwaka ambao mwanawe alikuwa anaota meno.
"Kwa muda tu," aliandika juu ya faili.
Muda huo sasa una miaka kumi na minne
na mwanawe anavuta sigara nyuma ya shule.

Sheria yenyewe ni fupi. Nimeiweka kichwani hivi:

    Anza kwa kidogo, tuma; jibu likija, ongeza,
    Kifurushi kikizama, nusu ya mwendo punguza,
    Usisukume kwa hima, njia ya watu kujaza,
    Waya ni wa watu, koma, si wako wa kuchakaza.

Mistari mia mbili na arobaini, mara mbili.
Mwaka juzi Leelo aliitibu ile kongwe:
baada ya kimya kirefu ilikuwa ikirudi na mwendo wa jana,
kama mgeni aliyepotea mwaka mzima
kisha akaingia hadi jikoni bila hodi.
Changa haikutibiwa.
Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna pacha.

Nikasema basi. Tukate, tuunganishe:
kanuni moja chumba cha kati, milango miwili.

Jumatano tukawasha jaribio,
kompyuta nane rafuni, waya tumeubana makusudi.
Kongwe ikaenda kwa adabu zake.
Changa ikatuma kifurushi kimoja, jibu likaja,
ikatuma elfu moja mia nne arobaini na tisa.

Swichi ikafurika. Foleni ikajaa hadi kizingitini.
Kila simu ya jaribio ikakatika katikati ya ne

Leelo hakucheka. Akavuta kiti,
akauliza swali la mtoto wa darasa la kwanza:
"Ongeza moja. Moja ya nini?"

Kongwe huhesabu baiti. Changa huhesabu vifurushi.
Moja ya kongwe ni kifurushi kizima,
baiti elfu moja mia nne arobaini na nane.
Kanuni ingejuaje? Ilipewa mkono, ikashika.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba cha nani, na haba ipi?

Nikampigia Hillar, yuko Pärnu, anafuga nyuki.
"Ndiyo maana nilinakili," akasema.
"Nilijua. Sikuandika."
Nikasikia birika likichemka upande wake.
"Andika wewe."

Nimeandika. Juu kabisa, kabla kanuni haijaanza,
mahali ambapo mashine huruka na mtu husoma:
*Uingiaye, taja kwanza kipimo chako.*
Kisha nikafuta faili ya pili,
mistari mia mbili na arobaini
ikapanda skrini, myekundu, ikaisha.

Leelo akainama begani kwangu.
"Na ile 'Kwa muda tu' umeifuta?"

Hapana.
Hiyo nimeihamisha.