Nafasi Moja

Rubani alisema nafasi ni moja,
kiti cha nyuma, dakika kumi na tano,
mafuta ya kuruka mara moja tu kabla hajarudi Mtwara.
"Upande, mama, au upige picha.
Vyote viwili, labda uwe na miili miwili."
Akacheka. Sikucheka.

Ndege yenyewe ilikuwa kongwe kuliko mimi:
mabawa mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni,
nyaya katikati, kitambaa kilichopakwa rangi,
na harufu ile ya petroli na ngozi
iliyokuwa ikimtangulia baba mlangoni jioni.

Baba, Chitanda bin Nalinga,
alisukuma mapipa ya mafuta uwanja huu huu wa Nachingwea
enzi za Wazungu wa karanga.
Sikio lake la kushoto lilibaki huko, kwenye injini.
Kwa la kulia alizitambua zikiwa bado ng'ambo ya Lukuledi:
"Hiyo silinda yake moja inaumwa,"
angesema, akiendelea kula.
Hakupanda hata siku moja.
Alituachia picha moja: kasimama chini ya bawa,
vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni,
na kichwa kimekatwa na mpigaji.
Bawa limetoka lote.

Nadhani ndiyo maana nilinunua kamera.
Miaka ishirini na sita ya vichwa vya watu:
vya pasipoti, vya mitihani, vya kadi za ushirika wa korosho,
maharusi wa Naipanga, maiti wawili watatu.
Sijakata kichwa cha mtu.

Na ndege inavyopigwa nilikuwa najua, kwa kusoma na kwa kuota:
usiende mbio na shata.
Ukienda mbio rafadha inaganda,
na ndege iliyogandishwa rafadha
ni ndege iliyofia hewani na bado haijaambiwa.
Iache izunguke, iwe ukungu. Ukungu ndio uhai wake.

Basi nikasimama kwenye nyasi, mkanda shingoni, napiga hesabu.
Ukiwa ndani ya ndege, ndege huioni.
Ukiwa nje, unaiona ikienda zake.
Mtaka yote hukosa yote, walisema wa kale;
hawakusema mtaka kimoja ashike kipi.

Mwanga mzuri huisha saa tatu.
Rubani akatazama saa yake.
Nikaivua kamera, nikamvisha Mpoyo,
kijana wangu wa kufagia studio.
"Mia moja ishirini na tano. Usiiguse hiyo namba.
Nifuate kama unavyomfuata kuku unayetaka kumkamata,
polepole, pamoja naye, halafu ndiyo ubonyeze."

Sitadanganya: nilifumba macho
mpaka meno yalipoanza kupata baridi.
Nilipofumbua, mikorosho ilikuwa madoa,
barabara ya Masasi uzi mwekundu,
na chini kule kitu kinakimbia,
kinapanda mapaa ya bati, kinavuka shule, hakikwami popote:
kivuli chetu. Mabawa yote mawili.
Kidole changu kikabonyeza hewa. Mara tatu.
Kisha nikatega sikio.
Silinda zote nzima, baba.

Mpoyo alipiga kumi na mbili.
Kumi na moja ni mbingu, mbingu safi kabisa.
Ya mwisho ndege imo, pua mpaka mkia,
ila aliogopa ingemponyoka, akageuza namba:
rafadha imesimama, panga zake unazihesabu,
ndege imening'inia juu ya Nachingwea kama shati kwenye kamba.
Kiti cha nyuma kuna nukta.
Ndiyo mimi. Kichwa tu, hakuna zaidi.

Nimeitundika kando ya ile ya baba.
Wateja wakisubiri zao zikauke, huuliza:
"Mama, hii ilizimika angani?"
Nawaambia wakae wima, wasipepese macho.
Siku nyingine, nikiwa na nafasi, huwa najibu.